Hans Cory: Mzaliwa wa Vienna aliyeziandika sheria za Wahaya

KWA miaka mingi, kesi ya kibanja ilipofika mahakamani Bukoba au Muleba, palikuwa na shahidi mmoja ambaye hakuapishwa wala kuhojiwa. Shahidi huyo ni kitabu. Kilichapishwa London mwaka 1945, kwa Kiingereza, kikiwa na mamia ya vifungu vyenye namba juu ya nani arithi, nani auze, nani akomboe kilichouzwa, nani atoe mahari na nani airudishe. Mahakimu walikitegemea, majaji wa Mahakama Kuu walikitaja katika hukumu zao, na mawakili walikijengea hoja.

Kitabu hicho, kinachohusu sheria za mila za kabila la Wahaya, kilibeba majina mawili: Hans Cory na M. M. Hartnoll. Jina la kwanza ndilo lililobaki midomoni mwa watu wa mahakama. Mwenye jina hilo hakuwa Mhaya, na hakuja Afrika kwa ajili ya kazi ya sheria.

Alizaliwa Vienna mwaka 1888, wakati mji huo ulipokuwa makao makuu ya dola ya Austria na Hungaria. Jina la ukoo wake lilikuwa Koritschoner. Alifika Afrika Mashariki akiwa bado kijana, na baada ya Tanganyika kuondoka mikononi mwa Wajerumani na kuwekwa chini ya Waingereza, aliendelea kuishi nchini akifanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kama angeishia hapo, angekuwa mmoja tu wa walowezi ambao majina yao yamesahauliwa pamoja na mashamba yao.

Lakini mtu huyu alikuwa na udadisi usiotulia. Ngoma ikilia kijijini, alikwenda kuitazama. Akisikia wimbo, aliuandika. Mwanzoni mwa mwaka 1934 lori lake liliharibika njiani, na aliyemkuta hapo alikuwa Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyekuwa Tanganyika kwa uwindaji. Wakakaa wakazungumza juu ya washairi wa Ulaya na juu ya mila za wenyeji. Hemingway alipochapisha kitabu cha safari ile mwaka 1935, alimpa Mwaustria huyo jina la Kandisky na kumweka katika kurasa za mwanzo kabisa, akiwa amevaa kaptula ya ngozi na kofia ya watu wa milimani kwao. Wasomaji wengi wa kitabu hicho duniani hawakupata kujua kwamba Kandisky huyo, miaka kumi baadaye, angekuwa na neno la mwisho katika mashauri ya migomba ya Ihangiro na Kiziba.

Mwaka 1936, jarida la chama cha wanaanthropolojia cha Uingereza lilichapisha makala yake kuhusu ngoma ya shetani, yaani tiba ya watu walioaminiwa kuwa wamepagawa. Makala hiyo aliitia sahihi kwa jina la Koritschoner. Kitabu cha Wahaya kilipotoka miaka tisa baadaye, jina lilikuwa Cory. Kati ya majina hayo mawili Ulaya ilikuwa imepinduka: Austria ilimezwa na Ujerumani ya Hitler mwaka 1938, na vita kuu ya pili ikaanza mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1940, mtu aliyezoea kuandika nyimbo za vijijini kwa mapenzi yake mwenyewe akawa mtumishi wa Serikali ya Tanganyika, akiajiriwa kuchunguza mila na desturi za makabila.

Kwa nini Serikali ya kikoloni ilimhitaji mtu wa aina hiyo? Tangu Gavana Donald Cameron aanzishe utawala wa kupitia machifu katikati ya miaka ya 1920, mashauri ya wenyeji yaliachwa kwa mahakama za wenyeji. Sheria ya mwaka 1929 ikaziondoa kabisa mahakama hizo katika mikono ya Mahakama Kuu na kuziweka chini ya watawala. Rufaa zikawa zinapanda hadi kwa Bwana Shauri, Mwingereza kijana ambaye pengine alikuwa na mwaka mmoja tu wilayani, na ambaye alitakiwa kuamua kama mkama amepotoka katika sheria ambayo yeye mwenyewe hajapata kuisoma popote. Haikuwa imeandikwa.

Bukoba ilikuwa mahali pagumu kuliko pengi. Wilaya hiyo ilikuwa na falme kadhaa, zikiwamo Kiziba, Karagwe, Kianja, Bugabo, Missenyi na Ihangiro, kila moja na mkama wake, ukoo wake wa kitawala na mabaraza yake. Sehemu kubwa ya wilaya ya Muleba ya leo ilikuwa Ihangiro, na upande wa Kamachumu ulikuwa chini ya Kianja. Shauri lilianzia kwa mkungu wa kijiji, likapanda gombolola, likafika lukiko ya mkama. Wahaya ni watu wanaojua kusema, na wazee wa mabaraza walikuwa wakijadili shauri la mpaka mmoja wa shamba kwa siku kadhaa bila kuchoka.

Na ardhi yenyewe ilikuwa imebadilika thamani. Kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, kilikuwa tangu zamani ni chakula, ni makazi na ni makaburi ya wazee. Kuanzia miaka ya 1920 kahawa iliyopandwa katikati ya migomba ilianza kuleta fedha, na kibanja kikawa kitu cha kuuzwa, kuwekwa rehani na kugombewa. Juu ya hayo palikuwa na nyarubanja, utaratibu ambao mkama aliwagawia ndugu na vipenzi wake maeneo makubwa, na waliokuwa wakiyalima wakajikuta ni watwarwa wa bwana mpya, wakilipa ushuru katika ardhi waliyoizoea kuwa yao. Kila bei ya kahawa ilipopanda, na mashauri nayo yaliongezeka.

Huko ndiko Cory alikokwenda na daftari lake. Utaratibu wake ulikuwa wa kuwakalisha wenye mamlaka ya mila, kuwauliza swali moja baada ya jingine, na kulinganisha majibu ya eneo moja na ya jingine. Palipotokea tofauti baina ya falme aliiandika. Hakuridhika na maelezo ya jumla; alitaka mfano, na mfano wa kinyume chake. Mtu akifa bila mtoto wa kiume? Akiwa na watoto wa kiume wa nyumba mbili? Akiwa amenunua kibanja kwa fedha zake mwenyewe, tofauti na kile alichoachiwa na baba? Yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha ukoo baada ya matanga anajua kuwa maswali hayo ndiyo yanayowafarakanisha ndugu.

Matokeo yake ni kitabu cha kustaajabisha kwa upana wake. Kinaeleza nafasi ya musika, mrithi mkuu anayekikalia kiti cha marehemu. Kinatenganisha kibanja cha ukoo na kibanja alichojipatia mtu kwa jasho lake, ambacho mwenyewe alikuwa na uhuru mkubwa zaidi wa kukitoa atakako. Kinaeleza kwamba mwanamume akiuza kibanja cha ukoo bila idhini ya wenzake, ndugu wana haki ya kukikomboa kwa kulipa bei aliyoitoa mnunuzi. Kinafafanua nyarubanja kwa undani ambao watawala wenyewe hawakuwa nao. Mtafiti wa leo anayetaka kujua Buhaya ya kabla ya uhuru ilivyoishi hawezi kukiruka.

Kasoro yake imo katika jambo lile lile lililokipa nguvu. Waliokuwa na mamlaka ya kueleza sheria walikuwa wakama, wakungu na wazee wa mabaraza, na nafasi hizo zilikuwa za wanaume. Ni wao walioulizwa mwanamke ana haki gani katika ardhi ya ukoo, na jibu lao ndilo lililotiwa wino: binti aweza kula matunda ya kibanja cha baba yake maisha yake yote, lakini hawezi kukiuza. Inawezekana jibu hilo lilikuwa sahihi kwa namna mabaraza yalivyokuwa yakiamua. Lakini katika baraza, wazee walikuwa na nafasi ya kutazama uso wa aliyesimama mbele yao, kukumbuka baba yake alivyousia, na kulegeza kamba. Kifungu chenye namba hakitazami uso wa mtu.

Tena katika miaka hiyo hiyo wanawake wengi wa Kihaya walikuwa wamekwenda mijini, Kampala, Nairobi na kwingineko, na baadhi yao walirudi na fedha wakanunua vibanja kwa majina yao. Mila ilikuwa tayari inatembea. Kitabu kiliipiga picha ikiwa imesimama.

Baada ya Bukoba, Cory alihamishia nguvu zake zaidi kwa Wasukuma. Mwaka 1953 kilitoka kitabu chake kuhusu sheria na mila za Kisukuma, na vingine juu ya utawala wa watemi. Mwaka huo huo alichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka, na mwaka 1956 kingine kuhusu vinyago vya udongo vinavyotumika kuwafundisha vijana jandoni na unyagoni. Alikusanya pia mashairi ya Kiswahili, na mwaka 1958 yakachapishwa Mwanza kwa jina la Sikilizeni Mashairi. Watu wa Bukoba aliwaandikia historia ya wilaya yao kwa Kiswahili, nayo ilitolewa Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Si watumishi wengi wa serikali ya kikoloni waliojali kwamba wenyeji wenyewe nao wasome kilichoandikwa juu yao.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, Cory alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Wengi wa rika lake walifungasha. Yeye alikuwa katikati ya kazi kubwa kuliko zote za maisha yake. Serikali mpya ya Tanganyika ilitaka sheria moja ya mila kwa makabila yote yanayofuata ukoo wa baba, ambayo ndiyo mengi nchini. Taifa lililotaka kujenga umoja halikupenda kuona Mhaya, Msukuma na Mgogo wakihukumiwa kwa sheria tatu tofauti katika jambo moja la mirathi. Zaidi ya hayo, mahakama za mwanzo zilizokuwa zinakuja kuchukua nafasi ya mabaraza ya machifu zingekuwa na mahakimu wanaopangiwa kazi mbali na kwao, na mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo kwa miaka mingi. Hakimu wa namna hiyo alihitaji kitu cha kusoma.

Kazi hiyo ilikuwa tofauti na ile ya Bukoba. Mwanzo Cory aliwauliza wazee wanafanya nini. Sasa waliitwa ili wakubaliane watafanya nini, na kila kabila likaombwa liache kidogo cha kwake ili likutane na jirani. Mzee huyo alizunguka wilaya baada ya wilaya katika vikao hivyo. Alifariki mwaka 1962, kabla ya sheria hizo kutangazwa.

Zilitangazwa mwaka uliofuata, 1963, kwa matangazo mawili ya Serikali ambayo kila mwanafunzi wa sheria nchini anayakariri: namba 279 na namba 436. La kwanza lilihusu ndoa, mahari, talaka na hali ya watoto. La pili ulezi, mirathi na wosia. Katika tangazo la pili warithi waligawanywa katika madaraja matatu, na mabinti wakawekwa la tatu. Mjane hakupewa fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake likawa ni kutunzwa na watoto wake. Kanuni ya 20 ikasema wanawake waweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo waweza kuitumia lakini si kuiuza, labda pasiwepo mwanamume yeyote katika ukoo huo. Aliyesoma kitabu cha 1945 aliitambua sauti ile.

Dola iliyomwajiri Cory ilikuwa imeondoka, na mambo mengi aliyoyaandika yakaanza kuanguka moja baada ya jingine. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na lukiko za wakama zikafungwa. Nyarubanja ikavunjwa kwa sheria ya mwaka 1965, na watwarwa wakawa wenye mashamba. Kifungu cha mabinti kikabaki. Mwaka 1968 Mahakama Kuu, ikiamua shauri la wanawake wa Kihaya waliodai haki ya ardhi ya ukoo, iliona kuwa mila hiyo inabagua, lakini ikasema kuibadili ni kazi ya jamii yenyewe na si ya mahakama.

Miaka 20 ikapita. Agosti 1988, mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba aliyerithi kibanja kwa wosia halali wa baba yake aliona kwamba umri unakwenda na hana wa kumtunza. Akakiuza kwa sh 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Mtoto wa ndugu yake alikimbilia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kuwa shangazi hana mamlaka ya kuuza. Mahakama ilikubaliana naye kwa kufuata mila iliyoandikwa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua, kwa kuwa Katiba sasa ilikuwa na haki za binadamu zilizoingizwa mwaka 1984 na ambazo zilianza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza.

Shauri hilo, linalojulikana kama Ephrahim dhidi ya Pastory, liliamuliwa Februari 1990 na Jaji James Mwalusanya. Jaji alisema kwamba Katiba na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeiridhia haikubali mwanamke anyimwe anachopewa mwanamume, na kwamba kanuni ya kuwazuia wanawake kuuza ardhi ya ukoo imebatilika. Hukumu hiyo imefundishwa katika vyuo vikuu vya Afrika na kwingineko, na kijiji cha Muleba kikaingia katika vitabu vya haki za binadamu.

Kuna jambo moja katika hukumu ile ambalo wengi hulipita haraka. Baada ya kuivunja kanuni, jaji alibaki na swali la vitendo: kibanja kilichouzwa kifanywe nini? Ili kulijibu alikirudia kitabu cha Cory na Hartnoll. Kitabu kilisema mwanamume akiuza bila idhini ya ukoo, ndugu waweza kukomboa kwa kulipa bei. Jaji akaamuru mwanamke naye atendewe vivyo hivyo. Mpwa akapewa miezi sita kuleta sh 300,000; akishindwa, kibanja ni cha mnunuzi. Hivyo shangazi alishinda kwa Katiba, na namna ya kuutekeleza ushindi wake ikatoka katika madaftari ya mtu aliyekuwa amefariki miaka 28 kabla.

Bunge nalo likafuata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilitamka kuwa mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi ni batili. Mirathi haikuguswa. Mwaka 2006 wajane wawili wa Shinyanga waliolipinga tangazo namba 436 walielezwa na Mahakama Kuu kwamba ni kweli linabagua, ila mahakama haiwezi kulibadili. Mwaka 2010 rufaa yao ikaondolewa Mahakama ya Rufani kwa kasoro ya tarehe katika kumbukumbu za hukumu. Wakaenda hadi Umoja wa Mataifa, ambako kamati inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua mwaka 2015 kwamba haki zao zimevunjwa na kwamba Tanzania iwafidie na kuzifuta au kuzirekebisha sheria hizo. Ilikuwa imepita miaka 53 tangu Cory afariki, na miaka 70 tangu kitabu cha Bukoba kichapishwe.

Makabrasha yake yalihifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yakiwa mkusanyo wenye jina lake: maelezo ya mila, nyimbo, hadithi na kumbukumbu za makabila mengi, mengine hayajapata kuchapishwa. Watafiti wa sheria huenda kuyafungua wakitafuta wazee walisema nini hasa, kabla ya maneno yao kupewa namba.